Diski ya kumbukumbu kwenye FreeBSD: tathmini kutoka duka la skani, Lamu

Kwa takriban mwaka mmoja sasa, kompyuta ya duka langu hapa Langoni imekuwa ikitumia diski ya kumbukumbu, yaani sehemu ya RAM (kumbukumbu ya muda ya kompyuta, ambayo hufutika umeme ukikatika) ambayo mfumo endeshi wa FreeBSD huichukulia kama diski ya kawaida, na nimeridhika nayo kiasi cha kutaka wenzangu wa kazi hii waifahamu, pamoja na hatari yake.

Kazi yetu ni kupiga skani hati za mashamba, vyeti na barua za zamani. Ukurasa mmoja wa A4 wa rangi, kwa nukta 300 kwa inchi, huchukua takriban megabaiti 26 kabla ya kubanwa, na programu za kunyoosha na kusafisha picha huusoma na kuuandika upya mara kadhaa. Diski yetu kuu ni ya zamani, na ilikuwa ikikwaruza mfululizo huku mteja akisubiri barazani. Siku hizi hatua hizo zote hufanyika ndani ya RAM, na mkwaruzo ule husikika tu skana inapoandika picha ya awali na faili iliyokamilika inapohifadhiwa.

Kuiunda hakuna ugumu: amri ya mdmfs -s 2g md1 /kazi hutengeneza diski ya gigabaiti 2, huiandaa na kuipachika kwenye saraka ya /kazi kwa mkupuo mmoja. Kati ya aina za diski ya kumbukumbu, amri hiyo huchagua yenyewe ile ya swap, nami naiafiki kabisa, kwa sababu RAM ikibana mfumo unaweza kuhamishia yaliyomo kwenye eneo la swap, yaani sehemu ya diski kuu iliyotengwa kuisaidia RAM. Aina ya malloc, ambayo hukaa ndani ya RAM peke yake, haina nafasi hiyo ya kupumua. Ukiipa ukubwa unaozidi uwezo wa mashine, kiini cha mfumo (kernel) chenyewe kinaweza kuanguka na kuisimamisha kompyuta. Kwa saraka ya /tmp, inayowekwa faili za muda, natumia tmpfs, mfumo wa faili wa ndani ya kumbukumbu ambao huchukua kumbukumbu kwa kadiri ya faili zilizomo tu.

Kasoro ya diski ya kumbukumbu ni moja, nayo ni nzito. Jioni moja umeme ulikatika, na kurasa 40 zikapotea papo hapo. Zilikuwa karatasi za mzee mmoja aliyezileta ndani ya kopo la biskuti, zimekauka na kupasuka kwenye mikunjo, nami nililazimika kumwomba azirudishe tuzifunue tena, ilhali karatasi ya namna ile kila ikifunuliwa huumia. Kosa lilikuwa langu, kwa kuwa picha za awali hazikustahili kuwekwa mahali panapofutika. Tangu siku hiyo skana huandika moja kwa moja kwenye diski kuu, na /kazi hupokea nakala za kuchakatwa peke yake.

Kompyuta yangu ina RAM ya gigabaiti 8. Mwenye gigabaiti 4 namshauri aanze na diski ya megabaiti 512, kisha aangalie kwa amri ya swapinfo, inayoonyesha matumizi ya swap, kama swap inaanza kujaa kabla ya kuiongeza.