Ziara ya "bara lililozama" Pemba: mlipeni nahodha, ramani iacheni

Tangazo lilisema "Lemuria: bara lililozama na milango ya siri ya Pemba", shilingi 45,000 kwa mtu, chakula cha mchana ndani yake. Wifi yangu alikuwa amekuja kutoka Dar kupumzika, na mwanawe ni mtoto wa maswali, nikaona potelea mbali, tukalipe. Kampuni siitaji jina. Hadithi kama hizi siku hizi zinauzwa na wengi, na nadhani wanaazimana.

Kwa ufupi wanasimulia hivi. Hapo kale palikuwa na bara lililotanda kutoka Madagascar mpaka India, wakaao ni majitu yenye elimu ya siri. Bara likazama, vikabaki vilele, na Pemba ni kilele kimojawapo. Majitu yakaacha majini walinde milango ya chini kwa chini: mmoja uko Pujini, mwingine Ras Mkumbuu. Mtembezaji wetu, kijana mtanashati mwenye sauti ya mwenye kuhutubia, aliyamaliza haya yote garini hata Chake Chake hatujaipita. Nikamuuliza, "Mwanangu, hilo bara lilizama lini?"

"Zamani sana, Bi mkubwa. Kabla ya Nabii Nuhu."

Mwaka hasa anaoutafuta ni 1864. Ndipo Mwingereza mmoja, Philip Sclater, mtaalamu wa wanyama, alipokuna kichwa kwa nini wanyama wa jamii ya lemuri, wanaofanana na kima, waonekane Madagascar na jamaa zao India, na bahari yote ile katikati. Akakisia kuwa palikuwa na nchi kavu iliyozama, akaipa jina kwa lemuri hao. Kwa siku zile lilikuwa kisio la mtu mwenye akili. Kisha akaja Bibi Blavatsky, Mrusi wa mambo ya siri, na katika maandishi yake ya 1888 akaijaza nchi hiyo majitu. Wanajiolojia walipokuja kukubali, miaka ya 1960, kwamba mabara yenyewe ndiyo yanayosogea, bara la kuzamisha halikuhitajika tena. Majitu ndiyo yaliyobaki, na sasa yanatembezwa Pemba kwa gari la kukodi.

Ningecheka nikanyamaza, lakini Pujini palinichoma. Pale pana magofu ya ngome ya karne ya 15, na ngome za namna ile kwenye mwambao wetu wa kale zinahesabika. Ndani yake mna chumba cha chini ya ardhi chenye siwa iliyochorwa kwa chokaa ukutani. Siwa, jamani! Alama ya enzi ya watawala wa Kiswahili, ipigwayo panapo jambo kubwa. Kijana akaimulika kwa tochi ya simu, akasema ni "baragumu la Walemuria la kuitia majini". Mtoto wa wifi akauliza Walemuria walijifunza wapi kupiga siwa kama watu wa Lamu. Jibu halikuja, tukapandishwa juu kupiga picha.

Na Mkama Ndume, mwenye ngome mwenyewe? Alitajwa kwa pumzi moja. Mtawala ambaye kila mtoto wa Pemba amesikia ukatili wake, aliyewabebesha watu mawe kichwani huku wakijikokota kwa makalio, aliyejenga ukuta katikati ya kisima ili wake zake wawili wasionane wakiteka maji! Kama unataka hadithi ya kutisha, hiyo hapo, ina mwenyewe na ina mahali pake. Kuwapa majitu kazi ya mawe yale ni kumnyang'anya Mpemba babu yake, na unatozwa elfu arubaini na tano kwa kunyang'anywa.

Ras Mkumbuu tulikwenda kwa boti, na hapo siku ikageuka. Nahodha ni mzee wa makamo, mkimya, anaijua bahari ile kwa ndani. Kijana alipokuwa anaeleza "bara lilivyozama taratibu", nahodha akasema bila kugeuka, "Huku magharibi, mkondo wa Pemba, babu yangu alimaliza kamba zote na chini hakukupata." Basi. Sentensi moja, na ilikuwa na jiografia kuliko asubuhi yote. Mkondo ule una kina cha karibu mita 800, na Pemba imekaa mbali na bara kwa mamilioni ya miaka. Unguja ndiyo iliyounganika na bara. Enzi ya barafu bahari ilishuka kiasi cha mita 120, na mtu angeweza kwenda kwa miguu kutoka upande wa Bagamoyo. Kwenye pango la Kuumbi, kule Jambiani, wachimbuaji wamekuta mifupa ya punda milia na dalili za watu wa karibu miaka 20,000 iliyopita. Punda milia Unguja! Nchi iliyozama ipo kweli, basi, na iko chini ya maji ambayo boti za abiria wa Dar zinapita kila siku. Hakuna aliyeiwekea tangazo.

Magofu ya Ras Mkumbuu, msikiti mkubwa na makaburi ya nguzo, tulipewa dakika chache tu. Wengi wanadhani hapa ndipo Qanbalu, bandari ya kale aliyoifikia msafiri wa Kiarabu al-Masudi karibu mwaka 916. Kijana hakuitaja. Mtambwe Mkuu nayo haimo kabisa kwenye ziara, wakati mwaka 1984 zilifukuliwa pale zaidi ya sarafu 2,000, nyingi za fedha. Hazina iliyozikwa, na hawaisemi!

Kidike kwa popo nilipapenda, popo wenyewe nawapa alama zote. Kijana alisema hawana ndugu bara, ushahidi wa Lemuria. Kweli hawana: jenasi yao haipatikani Afrika bara, ipo Komoro, Madagascar mpaka Asia. Lakini wana mabawa, mwanangu. Akaongeza kuwa hawa ndio wazazi wa Popobawa, lile jini linalosemwa huvamia watu usingizini, na hapo nilimkata kauli. Sisi tulioishi mwaka 1995, watu wakilala nje kwa makundi kwa hofu, hatuchekeshwi na hilo. Popo hawa walikuwa wanakwisha kwa kuliwa na kukatiwa miti, na wanavijiji ndio waliosimama kuwalinda. Hilo lisimulieni.

Chakula: pweza wa nazi na mkate wa mofa wa moto, halua ya Wete baadaye. Sina neno. Wifi aliomba mofa wa kuchukua.

Mwisho wakatuuzia "Ramani ya Siri", shilingi 15,000, mistari ya nguvu ikiunganisha Pujini, Kizimkazi na Kilwa. Mistari ya namna hiyo alianza kuichora Mwingereza Alfred Watkins mwaka 1921, na huko kwao ilikuwa njia za kale tu, nguvu ziliongezwa na wengine baadaye. Nyumbani nikachukua rula: kituo cha kuuzia karafuu, banda la mofa na nyumba ya shangazi yangu zimekaa mstari mmoja ulionyooka kabisa. Shangazi ameanza kudai kiingilio.

Nyota mbili kwa ziara, tano kwa boti na chakula. Ukienda, mwambie kijana mapema unataka muda zaidi Ras Mkumbuu, vaa viatu vya kufunga kwa ajili ya miba, na uliza maji yanatoka saa ngapi, maana yakitoka boti haifiki ufukweni na utatembea kwenye matope. Keti nyuma, karibu na nahodha.