Wazuh au Cryptomator: tulichochagua katika ofisi ya klaringi, Malaba

Ofisi yetu ya klaringi hapa Malaba ina kompyuta sita. Mwezi wa tatu laptopu ya kijana wetu iliibwa ndani ya basi la Kampala. Ilikuwa na ankara, hati za shehena, namba za TIN na nakala za pasipoti za wateja. Mteja mmoja wa Tororo alinipigia, akaniuliza kwa upole, "Mama, karatasi zangu ziko kwa nani sasa?" Sikuwa na jibu. Sheria ya Uganda ya Ulinzi wa Data na Faragha ya 2019 inataka mamlaka ijulishwe mara moja data za watu zikivuja, kwa hiyo tuliandika barua siku hiyohiyo.

Nikaanza na Wazuh, programu ya ulinzi isiyo na ada ya leseni. Unaweka kijiprogramu kwenye kila kompyuta, nacho kinaripoti kwa seva: nani anajaribu kuingia, faili gani limeguswa. Ukiipanga vizuri, yenyewe inamfungia nje anayebahatisha nywila. Kazi hiyo naipenda sana. Lakini hata kwa ofisi ndogo inashauriwa seva yenye RAM ya gigabaiti 8, iwake usiku na mchana, na umeme wa hapa tunaujua. Tena inataka mtu wa kusoma tahadhari zake. Watu wangu wako kwenye foleni ya malori au wameinamia ASYCUDA, mfumo wa forodha. Na laptopu ikishaibwa na kuzimwa, seva ingeniambia tu kwamba imetoweka.

Cryptomator, programu ya kufunga faili kwa nywila, ndiyo iliyojibu swali la mteja. Kwenye kompyuta ni bure. Unatengeneza kasha ndani ya Google Drive uliyonayo, na kila faili linasimbwa, yaani linageuzwa lisisomeke bila nywila, kabla halijatoka mezani kwako, hata jina lake halisomeki. Kwa kuwa kila faili linasimbwa peke yake, ukirekebisha ankara moja inapanda hiyo moja. Sisi tunaonunua bando tunaijua thamani ya jambo hilo.

Ina masharti yake. Kasha likiwa wazi, kirusi kilichomo kwenye mashine kinasoma kama unavyosoma wewe. Ukipoteza nywila pamoja na ufunguo wa akiba, faili zimekwenda. Wangu nimeuchapa, uko kwenye sefu pamoja na mihuri. Shida kubwa zaidi tuliikuta kwenye folda ya Downloads: vijana wanapokea pasipoti kwa WhatsApp, zinabaki pale nje ya kasha. Sasa kila jioni tunaisafisha, na mashine zenye Windows Pro tumeziwashia BitLocker, diski nzima ifungwe.

Wazuh nitairudia tukiajiri mtu wa kompyuta wa kudumu.

Yule mteja wa Tororo amerudi na shehena ya vipuri. Kabla ya kunipa pasipoti aliomba nimwonyeshe itakapokaa. Nilivuta kiti, nikamfungulia kasha, kisha nikalifunga mbele yake.