Niliwapa nyota nne, nimerudi kuzichukua

Mliosoma maoni yangu ya mwanzo, yale marefu ya kusifia, naomba mniwie radhi. Kuna mtu aliniandikia kwamba amejiunga kwa sababu yangu, na huyo ndiye hasa ninayemwandikia leo, maana naona nimemwingiza mkenge.

Jina lao siwataji. Ni mtandao wa kutafutia kazi za uandishi, makala, habari, mambo ya namna hiyo. Ili uombe kazi unanunua tokeni. Si kama za LUKU. Za LUKU angalau ukishaingiza namba taa inawaka. Hizi unaingiza kumi, unaomba kazi, halafu unakaa gizani kusubiri. Ila hilo sina kinyongo nalo sana, Upwork, mtandao mwingine wa kazi, nao wanauza za kwao, wanaziita Connects, senti 15 za dola kila moja, na watu tumeshazoea. Makato pia tumezoea, Fiverr wanabakiza asilimia 20 na hakuna anayeandamana. Kwa hiyo msidhani nimekuja kulilia hela. Hela nitaifikia. Kilichonirudisha hapa ni jodari.

Mimi ni mtu wa magazetini. Nimelipwa kwa stori miaka kadhaa, ile ya kufika mwisho wa mwezi unahesabu vipande vilivyotoka na kubishana na mhasibu kuhusu kile kilichokatwa kikabaki aya mbili, je, ni stori au si stori. Tunaitwa waandishi wa kujitegemea, na kweli unajitegemea: nauli yako, bando lako, chakula cha mchana chako. Pakiwa na semina kuna bahasha, pasipo na semina kuna maji. Sasa siku nilipopata kazi ya kwanza kule mtandaoni, maneno 800 kuhusu mabasi ya mwendokasi, mteja akalipa ndani ya siku tatu bila mimi kumpigia simu hata mara moja, nililia. Nililia jikoni, vitunguu vikasingiziwa. Ndipo zilipotoka zile nyota nne. Ya tano niliwanyima kwa ajili ya ada ya kutolea pesa, na nikajiona mkali.

Mwaka jana, miezi ya joto, ikaja kazi niliyoiona imeandikwa kwa ajili yangu. Mzee mmoja wa huko Ulaya ana jarida dogo la mambo ya vyakula, anataka makala kuhusu soko la samaki, popote duniani, mradi mwandishi awe amefika kwa miguu yake. Maneno 1,200, dola 90. Nikachoma tokeni 16 bila kupepesa.

Nikadamka. Feri, soko la samaki la Dar, ukichelewa unakuta hadithi imeshanunuliwa na kupakiwa kwenye barafu. Saa kumi na moja na nusu alfajiri nilikuwa Magogoni, kandambili miguuni, kaunta buku ya kwaya mbili kwapani. Watu wanapita na samaki mabegani kama wamebeba watoto waliolala. Nikasogea mpaka mezani kwenye mnada. Dalali alikuwa kijana mwembamba, sauti imeshamkauka, anaita bei huku anampiga jodari mgongoni kwa kiganja, kila kofi ni elfu mbili: sitini, pah, sitini na mbili, pah, sitini na nne. Yule samaki alikuwa bado anang'aa, ile bluu inayofifia huku unamwangalia, na kila kofi lilimwachia alama ya kiganja kwenye ngozi. Sabini na mbili, makofi yakakoma. Mama mmoja aliyejifunga kanga kiunoni hakusema neno wala hakunyanyua mkono, alipandisha nyusi tu, akawa ameuziwa. Dalali akanigeukia.

"Dada, unanunua au unaandika?"

Nikamwambia naandika.

"Basi kaandikie kule, hapa pana bei."

Yote hayo yalikuwemo kwenye makala. Makofi, nyusi, mpaka "hapa pana bei". Nyumbani nikakuta umeme hakuna na simu iko hoi, kwa hiyo nikaandika kwa mkono, makala nzima, kurasa tisa, nikikata na kuandika upya. Kwa Kiingereza, bila shaka, maana kwa Kiswahili kule utapata kazi za kutafsiri tu. Usiku umeme uliporudi nikaichapa kwenye kompyuta ya mdogo wangu kwa mkupuo mmoja, nikaibandika kwenye dirisha lao, nikatuma, nikalala. Huo mkupuo mmoja ukumbukeni.

Asubuhi mzee kanijibu. Kafurahi, anauliza yule mama atamfanya nini jodari mzima. Nikamwambia atamkata vipande, atakaanga, mpaka saa sita ameisha. Akasema hiyo nayo iingie, nikaiongeza.

Mchana ukaja ujumbe kutoka kwa wenye mtandao. Kipimo chao kimebaini kwamba asilimia 87 ya kazi yangu imeandikwa na akili mnemba, yaani AI, hivyo malipo yamesimamishwa na akaunti iko chini ya uchunguzi.

Asilimia 87. Niliikodolea macho ile namba. Maana yake kuna asilimia 13 wamenikubalia kwamba ni mimi. Ni ipi hiyo? Ni nyusi?

Nikaingia kwenye huduma kwa wateja. Huko kuna dada mwenye jina moja tu na picha ya meno yote. Akataka ushahidi wa "mchakato wa uandishi", yaani historia ya hati inayoonyesha maneno yakizaliwa moja moja. Nikamweleza kuhusu umeme, kuhusu kaunta buku. Nikapiga picha kurasa zote tisa, na matapishi ya wino, na mishale ya kuhamisha aya. Ukurasa wa tatu una gamba la samaki. Sijui liliingiaje, limenatia pale pembeni kama muhuri wa serikali. Nikasema moyoni, hili gamba ndilo litakalonitetea.

Jibu lilikuja baada ya siku mbili: asante kwa subira yako, kwa bahati mbaya hatupokei mwandiko wa mkono kama ushahidi, kwa kuwa mtu anaweza kunakili kwa mkono maandishi ya AI.

Nani? Nani huyo, jamani, atakayekaa kwenye joto la Dar bila feni, amnakili roboti kurasa tisa, akate sentensi za roboti kwa kalamu, halafu aende kutafuta gamba apandikize? Nikamuuliza hivyohivyo. Akajibu kwamba anaelewa hisia zangu, na je, kuna jambo lingine angeweza kunisaidia leo. Jambo lingine! Hata hilo la kwanza hujanisaidia, dada yangu.

Usiku huo nikaingia kusoma kuhusu hivi vipimo, kwa hasira, nikamaliza bando la wiki. Kumbe havina habari na nani kaandika. Kwa sehemu kubwa vinapima kama neno linalofuata lilikuwa rahisi kulibashiri. Ukiandika kwa maneno ya kawaida na sentensi zilizonyooka, unaanza kunuka roboti. Sasa sisi Kiingereza tulifundishwaje? Si kwa kunyooshwa? Mwalimu wangu wa kidato cha pili ukimwandikia sentensi yenye mbwembwe anakuita mbele. Ameninyoosha miaka minne, leo unyoofu umekuwa kosa.

Na si mimi peke yangu. Mwaka 2023 watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford walichukua insha 91 za mtihani wa TOEFL, za watu ambao Kiingereza si lugha yao ya kwanza, wakazipitisha kwenye vipimo saba. Kwa wastani asilimia 61 hivi ziliambiwa ni kazi ya mashine. Insha za wanafunzi wa Marekani zilipita karibu zote. Mwaka huohuo OpenAI, haohao wenye ChatGPT, walitoa kipimo chao Januari na kufika Julai wakakiondoa wenyewe kwa sababu hakikuwa sahihi vya kutosha. Mpishi kamwaga chungu chake mwenyewe, hawa wa kwangu bado wanapakua.

Nikapata kipimo cha bure kinachofanana na chao. Nikabandika Azimio la Arusha kwa Kiingereza, ile sehemu ya imani ya TANU pale mwanzoni. Roboti, asilimia 94. Azimio la 1967! Nikampigia baba kumsomea. Alicheka mpaka akakohoa, halafu akauliza, "Na miguu iliyotoka Butiama mpaka Mwanza kuliunga mkono, nayo ilikuwa ya roboti?" Hilo la matembezi ya Mwalimu Nyerere nikaliacha, picha ya kipimo nikamtumia dada wa meno. Anaelewa hisia zangu.

Nchi yangu inamtaka mwanahabari awe na ithibati, iko kwenye Sheria ya Huduma za Habari ya 2016, na ubishi wote uliozunguka sheria hiyo naujua, nimeuripoti. Lakini hata huku sijawahi kudaiwa ithibati ya kuwa mtu.

Sasa niseme na la haki, nisije nikaonekana nina chuki tu. Hela ilikuja. Yule mzee aliwaandikia mwenyewe, zaidi ya mara moja, kwamba kazi ameipokea, ameridhika, wamlipe binti wa watu. Baada ya wiki nyingi, siku hata sikuwa naitarajia, nikaona imeingia, pungufu makato. Hakuna pole, hakuna samahani, hakuna "tumekosea". Imeingia tu, kama mtu aliyekukanyaga kwenye daladala akashuka kituo kinachofuata. Lakini iliingia, na ililipa ada ya shule ya mtoto pale ilipokuwa imekwama. Kuna magazeti yana hela yangu mpaka kesho na sina hata pa kuandikia maoni. Kwa hiyo nilipokaa kuandika hapa nilikuwa nimeshaamua nyota tatu. Nikasema mtandao una wateja wazuri, tatizo ni kipimo, na kipimo si watu.

Halafu nikaingia kwenye wasifu wangu kuhakikisha jambo moja, nikaona alama ndogo ya njano chini ya jina. Ukiigusa inasema akaunti hii iliwahi kuchunguzwa kwa matumizi ya AI. Haisemi iliishaje. Haisemi nilishinda. Iliwahi kuchunguzwa, basi, kama mtu aliyewahi kufikishwa kituoni. Miezi yote hiyo naomba kazi na tokeni zinaungua, najiuliza mbona wateja wamekuwa wagumu, kumbe kila anayefungua mlango anakutana na hiyo kwanza. Nyota moja.

Na kuna kitu kibaya zaidi ambacho si cha kuandikia tiketi ya malalamiko. Siku hizi nikimaliza makala naiharibu. Nikiona sentensi imekaa vizuri naivunja mguu. Naweka kosa la tahajia hapa, neno la ajabu pale, naipitisha kwenye kile kipimo cha bure, narudi kuiharibu tena mpaka kiniite mtu. Wiki iliyopita niliandika kuhusu wakwezi wa minazi, nikawa na aya moja nzuri sana ya mkono wa mzee ukipapasa gome kabla ya kupanda. Ilikuwa inapandisha asilimia. Nikaifuta. Mwalimu wa kidato cha pili angenilaani.

Wewe uliyejiunga kwa sababu yangu: andikia kwenye hati inayotunza historia, tangu neno la kwanza, hata kama ni ovyo. Umeme ukikatika, subiri urudi. Ukiandika kwa mkono, usije ukachapa kwa mkupuo. Chapa kidogo, futa, nenda kapike, rudi. Na usiwatumie gamba.

Mdogo wangu anasema kama wabaya hivyo nifunge akaunti, tuache kusumbuana. Ni kweli. Ila nina tokeni kumi na moja nilizokwisha kuzilipia, zinaisha muda wake mwisho wa mwezi, na siwezi kuwaachia bure. Jana yule mzee wa jarida ameweka kazi nyingine, pweza safari hii, anataka namna wanavyopigwa kabla ya kupikwa. Inadai tokeni kumi na mbili.