Mafuta ya Kupikia: Yapi Yaingie Kwanza Kwenye Kapu?

Karibu kila chupa ya mafuta dukani inajisifu kuwa "haina kolesteroli". Usiongeze hata shilingi kwa sifa hiyo. Kolesteroli ni mambo ya nyama, maziwa na mayai. Mafuta ya mimea hayana ya kuhesabika, yawe ya bei chee au ya bei mbaya. Tazama mafuta yaliyoshiba, yale yanayopandisha kolesteroli mwilini: alizeti yana kama asilimia 11, mawese karibu nusu, nazi zaidi ya 80.

Kwa hiyo namba moja kwangu ni alizeti. Yaliyosafishwa kiwandani yanavumilia moto na hayaingilii ladha ya mboga. Yale ya kukamuliwa tu, yanayopangwa kwenye madumu kando ya barabara Singida na Dodoma, yananukia mbegu na ukiungia mchicha utaomba uongezwe, ila yanawahi kutoa moshi, basi usiyakaangie. Tatizo la pale barabarani ni jua: dumu limeanikwa tangu asubuhi, na mwanga na joto ndivyo vinavyochachisha mafuta. Ukiweza, fuata mashine yenyewe, ununue yaliyokamuliwa juzi.

Wapo pia wanaochanganya alizeti na mawese. Weka kikombe kwenye friji usiku kucha. Ukungu kidogo ni nta ya mbegu, hauna neno; yakiganda kama uji mzito, umeuziwa mawese. Kwa baridi ya Iringa na Njombe mwezi wa saba, huhitaji hata friji.

Namba mbili, korie, yaani mawese yaliyosafishwa. Najua wengine watashangaa, lakini kama unakaanga chipsi au maandazi, yanastahimili karai kuliko alizeti, ambayo huharibika upesi kwa moto mkali wa kurudiarudia. Yakishakuwa meusi na kutoa povu, mwaga. Kama nyumbani kwako ni kuunga tu, yaruke.

Mawese mekundu ya Kigoma nayaweka ya tatu, kwa samaki aina ya mgebuka na maharage. Wekundu ule ni karotini, ambayo mwili huigeuza vitamini A. Ukiyachoma mpaka yawe meupe umeiua. Kijiko, si kikombe.

Ufuta na zeituni ni mazuri, mfuko ndio mwamuzi. Usidhani tu kwamba zeituni "hayanenepeshi": gramu moja ya mafuta yoyote ni kalori 9. Nazi na samli ni viungo vya wali na pilau, si mafuta ya kila siku.

Mafuta mgando nayaweka mkiani. Ukikuta kwenye lebo neno linaloanza na "hydrogen", kuna uwezekano wa mafuta ya transi, mabaya kwa moyo kuliko yote yaliyotajwa hapa. Rudisha kopo kwenye rafu.

Kuhusu ujazo: niliwahi kujifanya mjanja nikanunua ndoo ya lita 20 kwa watu wanne. Nusu yake ilichacha. Lita 3 au 5 zinatosha, mradi uone alama ya TBS (Shirika la Viwango Tanzania) na tarehe ya mwisho. Ya kupima yanaokoa siku, lakini jumlisha bei ya robo nne ulinganishe na chupa ya lita, kisha chungulia pipa linakochotwa.