Kamusi ya Bosworth-Toller mtandaoni: uzoefu wangu wa kusoma nayo ushairi wa Kiingereza cha Kale

Kwa msomaji wa mashairi ya Waanglo-Saksoni, wazungumzaji wa Kiingereza cha Kale, asiye na maktaba ya chuo karibu, sijaona chombo cha bure kinachoishinda kamusi ya Bosworth-Toller kama ilivyowekwa kwenye intaneti na Chuo Kikuu cha Charles, Prague. Inasomeka kwenye simu, halipishwi mtu, na chini ya maana hufuata mifano kutoka maandiko yenyewe. Naipa nyota nne kati ya tano. Nyota ya tano imeipoteza kwa sababu anayeandika neno vile vile alivyolikuta kwenye shairi mara nyingi atatoka mikono mitupu, na hatajua kwamba neno limo.

Kwanza ujue unachosoma. Hii ni kazi ya watu wawili na ya vipindi viwili. Joseph Bosworth alifariki mwaka 1876 kazi ikiwa haijakamilika, T. Northcote Toller akaimalizia, chapa nzima ikatoka 1898. Kisha Toller mwenyewe akatoa Nyongeza, iliyokamilika 1921, hasa kwa sababu herufi za mwanzo, a mpaka g hivi, zilikuwa dhaifu kuliko zile alizozishughulikia mwenyewe. Tovuti imeleta vyote viwili. Kwa hiyo neno likianza na herufi hizo, usiishie kwenye maelezo ya kwanza uliyoyaona. Soma na ya Nyongeza. Mara nyingine Nyongeza inaongeza maana, mara nyingine inafuta kabisa ya awali. Kuanzia h kwenda mbele unaweza kuyaamini maelezo ya 1898 kwa kiasi kikubwa.

Andiko ninalompa kila anayeanza ni Wimbo wa Cædmon, yule mchunga ng'ombe wa monasteri ya Whitby, Uingereza, enzi za mkuu wake Hild, ambaye mtawa na mwanahistoria Bede anamsimulia katika historia yake aliyoimaliza mwaka 731. Ni mistari tisa tu, lakini karibu kila mtego wa kamusi hii umo:

Nu sculon herigean heofonrices Weard,
Meotodes meahte ond his modgeþanc,
weorc Wuldorfæder, swa he wundra gehwæs,
ece Drihten, or onstealde.
He ærest sceop eorðan bearnum
heofon to hrofe, halig Scyppend;
þa middangeard monncynnes Weard,
ece Drihten, æfter teode
firum foldan, Frea ælmihtig.

Kwa ufupi: sasa yatupasa kumsifu Mlinzi wa ufalme wa mbinguni, uwezo wa Mwenyezi na fikra zake, kazi ya Baba wa utukufu, jinsi alivyoweka mwanzo wa kila ajabu, aliwaumbia wana wa dunia mbingu iwe paa, kisha akaiandaa ardhi kwa ajili ya watu.

Anza na kibodi. Ongeza kibodi ya Kiaislandi kwenye simu au kompyuta: inakupa þ, ð na æ, pamoja na irabu zenye alama juu. Alama hizo zina kazi hapa. Matoleo mengi ya leo ya kufundishia huonyesha irabu ndefu kwa kistari juu yake. Bosworth-Toller hutumia alama ya mshazari, yaani á, é, ó. Katika irabu mbili zilizoungana, chapa ya 1898 huweka alama hiyo juu ya irabu ya pili: freá, teón. Na matoleo makubwa ya kitaaluma ya mashairi hayaonyeshi urefu hata kidogo, ndiyo maana kwenye mstari wa nne unaona "or" tupu. Ukitafuta "or" unapata kiambishi awali or- na maneno yake mengi. Unachokihitaji ni ór, mwanzo. Kuhusu þ na ð, waandishi wa zamani walizichanganya bila kutofautisha sauti, basi moja ikikunyima jibu jaribu nyingine.

Kazi yenyewe ni kulirudisha neno kwenye kidahizo, yaani umbo la msingi ambalo kamusi huliorodhesha. Anayetafuta "walitufundisha" katika kamusi ya Kiswahili anajua aende kwenye "fundisha". Hapa vivyo hivyo, ila mabadiliko yamejificha katikati ya neno, kwenye irabu. "Sceop" ni wakati uliopita wa kitenzi cha kuumba, na kitenzi hicho chaweza kuandikwa scyppan, scippan, scieppan au sceppan. Kubadilishana kwa i, ie na y ndiko kunakowakwamisha watu wengi kuliko jambo lolote jingine, kwa hiyo zijaribu zote tatu kabla ya kukata tamaa. "Meotodes" iko chini ya metod, kwa kuwa e iligeuka eo mbele ya irabu ya nyuma (a, o au u) iliyofuata. "Meahte" tafuta meaht, na pia miht. "Monncynnes" ni mancynn: mbele ya m na n, irabu a iliandikwa mara nyingi o, kama land na lond. "Firum" inakwenda kwenye firas, ambalo ni neno la wingi tu, hivyo usilitafutie umoja.

Hatari kubwa zaidi ni kupata jibu lisilo sahihi ukaridhika nalo. "Herigean" inafanana na vitenzi viwili: herian, kusifu, na hergian, kuvamia na kuteka nyara. Ukichagua cha pili shairi linageuka kuwa wito wa kuishambulia mbingu! Kinachovitenganisha ni wakati uliopita, herede kwa kusifu na hergode kwa kuvamia, na kamusi inautaja mwanzoni kabisa mwa maelezo, baada ya herufi p. Isome sehemu hiyo kabla ya maana. "Teode" vilevile. Teon ziko zaidi ya moja: ya kuvuta, ambayo wakati uliopita ni teah; ya kushtaki; na ya kuandaa, yenye teode. Umbo la wakati uliopita ulilonalo mkononi ndilo linalochagua.

Kuna msaada ambao kamusi haiutaji, nao uko ndani ya shairi. Ushairi huu haufuati mizani ya silabi wala vina vya mwisho tulivyozoea. Kila mstari una ukwapi (nusu ya kwanza) na utao (nusu ya pili), kila upande una mikazo miwili, na sauti ya mwanzo ya silabi yenye mkazo wa kwanza katika utao lazima ifanane na angalau moja ya mikazo ya ukwapi. Mstari wa pili: Meotodes, meahte, modgeþanc. Wa tisa: firum, foldan, Frea. Irabu yoyote hufanana na irabu nyingine yoyote, ndiyo maana ece anajibiwa na or. Lakini sc, sp na st kila moja hujibiwa na mwenzake tu.

Faida yake kwenye kamusi ni hii: viambishi kama ge- na on- mbele ya kitenzi havibebi mkazo. Kwenye "or onstealde" anayebeba sauti ya mstari ni or, si on-, basi unajua shina la kitenzi linaanza na st-: stellan, na kidahizo chako ni onstellan, ambacho kama tellan hubadilisha e kuwa ea katika wakati uliopita. Maneno ya kuunganika ni kinyume: kipande cha kwanza ndicho chenye mkazo. "Modgeþanc" inafanana na wenzake kwa m, hivyo ligawe baada ya mod. Kamusi nayo huyaandika kwa kistari, mód-geþanc, middan-geard. Ukikosa neno zima, tafuta kila kipande peke yake.

Ukishafika kwenye kidahizo, usikimbilie maana. Baada ya neno utaona kitu kama "es, m." au "an, f." Hiyo ni tamati ya uhusika wa umiliki na jinsia ya nomino, na ndiyo inayokuambia neno litabadilikaje. Folde ni "an, f.", basi foldan ya mstari wa tisa haikushangazi. Weorc ni "es, n.", na nomino za jinsia hiyo zenye silabi moja nzito (yenye irabu ndefu au konsonanti mbili mwishoni) haziongezi chochote katika wingi. Hapo ndipo unapogundua kwamba weorc katika mstari wa tatu inaweza kuwa mtendwa, kazi inayosifiwa, na inaweza hata kuwa mtenda, kazi inayosifu, hasa kwa kuwa nakala za kale zaidi za wimbo huu hazina neno la "sisi" mstari wa kwanza. Wataalamu wamebishana juu ya hilo, na kamusi haiwezi kukuamulia, lakini imekupa vifaa vyote vya kuuona mjadala. Kwangu hii ndiyo thamani yake kubwa kuliko tafsiri yoyote iliyo tayari.

Maana hutolewa kwa Kiingereza cha karne ya 19, mara nyingi pamoja na Kilatini. Kiingereza hicho kikikupa neno ambalo siku hizi lina maana nyingine, Kilatini kilicho pembeni huwa salama zaidi. Marejeo yanatisha mwanzoni. "Beo. Th. 22, B. 11" maana yake ni shairi la Beowulf: Th. ni toleo la mhariri Thorpe, aliyehesabu nusu-mstari mmoja mmoja, na B. ni hesabu ya mistari mizima iliyo sawa au karibu sawa na matoleo ya leo. Basi fuata B. daima. Ukiwa na namba ya Thorpe pekee, igawe kwa mbili kisha tafuta mistari michache kabla na baada, kwa kuwa hesabu zinaachana kidogo kadiri shairi linavyosonga. "Exon. Th." ni Kitabu cha Exeter, mkusanyo wa kale wa mashairi, katika chapa ya Thorpe huyo huyo, na "Bd." ni Bede.

Kasoro zake nyingine. Mifano imechukuliwa kutoka matoleo ya kale, na baadhi ya usomaji wake umekwisha kusahihishwa na wahariri waliofuata. Linganisha mfano na toleo la karibuni kabla ya kuunukuu. Maandishi yametokana na kurasa zilizopigwa picha na kugeuzwa kuwa herufi, kwa hiyo alama juu ya irabu inaweza kupotea. Picha za kurasa za chapa ya karatasi zinapatikana bure kwenye Internet Archive, na kwa neno muhimu ni vizuri kuzitazama.

Kamusi ya Chuo Kikuu cha Toronto ni bora zaidi kwa herufi zilizokamilika, maana inategemea mkusanyo wa takriban kila andiko lililobaki la lugha hii, lakini huandikwa kwa kufuata alfabeti na herufi za mwisho hazijafikiwa, tena matumizi kamili hulipiwa. Sceop na teode hutazipata humo. Kamusi ya Clark Hall ni fupi, inaonyesha kwa alama ya msalaba maneno yaliyopatikana katika ushairi tu, na inafaa unapotaka maana moja ya haraka. Wiktionary, kamusi huria ya mtandaoni, ina kurasa za maumbo yaliyonyambuliwa, hivyo ukishindwa kabisa kujua "onstealde" imetoka wapi, ianzie huko upate kidahizo, kisha urudi Bosworth-Toller kwa mifano. Usichukue maana huko ukaishia hapo. Kwa maneno ya ushairi mara nyingi maelezo ni neno moja au mawili bila mfano wowote.

Anayesoma nathari ya mfalme Alfred au hotuba za Ælfric atateseka chini ya nusu ya haya, kwa kuwa tahajia yao imetulia zaidi. Kwa ushairi, chukua mistari mitatu au minne kwa kikao kimoja, andika kidahizo, jinsia na uhusika wa kila neno kwenye karatasi, na tafsiri uiandike mwisho.