Mwongozo wa Final Fantasy IX: kitabu kizima, majibu hayamo

Nimekitumia kitabu rasmi cha kuongoza wachezaji wa Final Fantasy IX, gemu ya PlayStation, toleo la Kiingereza lililotoka Marekani mwaka 2000, kuanzia diski ya kwanza hadi ya nne, na bado kimenikaa kooni. Unafungua ukurasa, maelezo yanaanza vizuri. Ukifika penye uzito unakuta kisanduku chenye neno moja: ingia kwenye tovuti, andika neno hili, utapata yaliyobaki. Tovuti hiyo ya mwongozo ilishafungwa zamani. Unabaki na karatasi nzuri, picha za rangi, na neno lisilofungua chochote. Hicho si kitabu, ni funguo za nyumba iliyobomolewa.

Njia ya kwenda mbele mchezaji ataipata mwenyewe akihangaika kidogo. Asichoweza kukijua peke yake ni kile ambacho akishakipita hakirudi, na hapo ndipo kitabu cha gemu kinalipia bei yake. Chukua upanga wa Excalibur II. Unaukuta Memoria, eneo la mwisho kwenye diski ya nne, ukiwahi kufika kabla hujazidisha saa 12 za kucheza. Ukiambiwa hilo ukiwa umeshacheza saa 30, umeambiwa nini? Hilo ni onyo la ukurasa wa kwanza, pamoja na mbinu zake: usizungukezunguke ovyo ukipigana, na video ikianza inua kifuniko cha PlayStation ili iruke, maana video nazo zinakula muda wako.

Au wizi wa Zidane, mhusika mkuu, anayeweza kuwaibia maadui vitani. Adui ana hadi vitu vinne vya kuibwa. Mkono ukishafanikiwa kugusa, cha kwanza kina nafasi 256 kati ya 256, cha pili 64, cha tatu 16, cha nne 1 tu. Bosi Beatrix kule mji wa Burmecia ana upanga wa Mythril Sword na vazi la vita la Chain Plate, na pambano lake linakatika lenyewe. Asiyejua anatumia zamu zake kumpiga bosi asiyeuawa, anaondoka mikono mitupu. Zidane akiwa na uwezo uitwao Bandit, mkono haukosi. Uwezo mwingine, Master Thief, unakipandisha cha tatu na cha nne hadi 32. Mistari mitatu tu ya wino! Wangeikosea wapi nafasi, na visanduku vimejaa kila mahali?

Niseme haki yake. Karatasi ina faida ambayo simu haina: unailaza wazi pembeni, padi iko mkononi, macho yanahama mara moja tu. Na gemu ya diski ya zama zile haibadiliki. Namba iliyokuwa sahihi wakati ule ni sahihi leo, tofauti na gemu ya Elden Ring, ambayo masasisho yameshabadilisha nguvu za silaha nyingi tangu 2022. Kwa sababu hiyo nilitaka kukipa nyota tatu.

Lakini nikifikiria hivyo nazidi kukasirika. Gemu isiyobadilika ndiyo hasa ilistahili kuandikwa yote kwenye karatasi. Waliokuwa na kila kitu mkononi wakakiweka mahali panapozimwa. Nyota moja, na hiyo ni ya picha.

Ukikikuta kitabu chochote cha gemu cha mitumba, usiangalie jalada. Nenda ukurasa wa bosi utafute orodha ya vya kuibwa. Nenda nyuma utafute orodha ya maadui yenye namba, siyo picha tupu. Kandamiza mgongo katikati: gundi ikilia, kurasa zitaanza kudondoka kabla hujamaliza diski ya pili. Angalia pia kama ramani ya kukunjwa ipo, kwa sababu ndiyo inayochomolewa kwanza. Na ukiona kisanduku kinachokutuma kwenye tovuti katika kurasa kumi za mwanzo, kirudishe mezani.