Utepe wa kipenyo au kalipa: kupima unene wa mti

Kipenyo cha mti hupimwa kwenye usawa wa kifua, yaani mita 1.3 kutoka ardhini, na kwenye mteremko mpimaji husimama upande wa juu. Ubishi huanzia kwenye kifaa.

Utepe wa kipenyo huzungushwa kwenye shina, na kwa kuwa kila sentimita 3.14 za mzingo zimeandikwa kama sentimita 1 ya kipenyo, hakuna hesabu ya kufanya. Ni mwepesi, hauhitaji matunzo mengi, na asiye nao anaweza kutumia futi kamba ya fundi cherehani kisha akagawanya kwa 3.14. Kasoro yake ni kwamba shina lisilo duara kamili huonekana nene kidogo kuliko lilivyo, na utepe uliopinda au kupita juu ya mtambaazi huzidisha kosa hilo.

Kalipa hubana shina kati ya mikono yake miwili, mmoja ukiwa wa kuteleza, na katika shamba la misindano iliyopandwa kwa mistari, kama Sao Hill, hupima kwa kasi zaidi. Hata hivyo, shina lenye umbo la yai hudai vipimo viwili vinavyokatana kwa pembe mraba, ambavyo wengi, kusema kweli, huvipuuza. Utomvu hugandisha mkono unaoteleza, na mkono ukilegea kipimo hupotoka.

Kwa viwanja vya kudumu, vinavyopimwa tena baada ya miaka, ningechukua utepe, kwa sababu jibu lake halitegemei upande aliosimama mpimaji. Kwa miti mingi midogo ya kupunguziwa, yaani baadhi kukatwa ili iliyobaki ipate nafasi, kalipa.